Chama kikubwa, chama cha ambulensi pekee au jumuiya ya kitaaluma: mhudumu wa ambulensi ajiunge wapi?

Mwenzangu mmoja alivunjikiwa na ampuli ya mofini saa tisa za usiku, nyuma ya ambulensi, pale dereva alipofunga breki ghafla kumkwepa mtu aliyekuwa akivuka barabara. Mgonjwa alipewa dawa kutoka ampuli ya pili, akafikishwa hospitalini salama, na mwenzangu akaandika katika daftari la dawa zinazodhibitiwa kwamba ampuli moja imeharibika. Kilichokosekana ni saini ya shahidi, kwa sababu wito mwingine uliingia kabla hawajamaliza kupangusa sakafu ya gari. Wiki tatu baadaye alipokea barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Kwa miaka mingi alikuwa akilipa ada ya jumuiya ya kitaaluma bila kukosa, akiamini kabisa kwamba hicho ndicho chama chake cha wafanyakazi. Alipowapigia simu, aliambiwa kwa upole kwamba jumuiya haitumi mtu kwenye vikao vya mwajiri. Akaingia kikaoni na mfanyakazi mwenzake wa zamu, mtu mwema lakini asiyezijua taratibu, na katika wote wawili hakuna aliyefikiria kuomba rekodi ya mwendo wa gari, ambayo ingeonyesha breki ile katika dakika ile ile aliyoiandika daftarini. Rekodi hiyo ilipoombwa wakati wa rufaa, muda wake wa kuhifadhiwa ulikuwa umepita na ilikuwa imefutwa. Alitoka na onyo la mwisho kwa kosa ambalo, kwa maoni yangu hadi leo, halikustahili zaidi ya mazungumzo ya dakika kumi na msimamizi wake.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya wale ambao hawajapokea barua ya namna hiyo, maana aliyekwisha kuipokea kwa kawaida amechelewa. Vyama vingi havichukui shauri ambalo chanzo chake kilitangulia tarehe ya kujiunga, na vingine huweka muda wa kusubiri wa wiki kadhaa kabla ya mwanachama mpya kustahili utetezi au msaada wa wakili. Uamuzi huu basi hufanywa wakati hakuna linalokusukuma kuufanya, na ndiyo sababu wengi huufanya kwa kufuata tu fomu aliyowakabidhi mtu wa kwanza waliyekutana naye siku ya kuanza kazi.

Kutetewa na kujadiliana ni kazi mbili

Kabla ya kupima chama chochote, ni lazima kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kumtetea mfanyakazi mmoja: kuketi naye kikaoni, kusoma ushahidi kabla yake, kumwandikia rufaa. Ya pili ni kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote kuhusu mishahara, zamu, mapumziko na posho, na kutia saini mkataba wa hali bora. Chama kinaweza kuwa hodari katika kazi moja na kisiwe na nafasi kabisa katika nyingine, na sheria za nchi ndizo zinazoamua kwa kiasi kikubwa.

Chukua nchi mbili ambazo taratibu zake zinajulikana vizuri. Nchini Uingereza, sheria ya mahusiano ya ajira ya mwaka 1999 inampa mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu au cha malalamiko haki ya kusindikizwa na afisa wa chama cha wafanyakazi au na mfanyakazi mwenzake, na afisa huyo anaweza kutoka katika chama ambacho mwajiri hakitambui, yaani hajakikubali kujadiliana nacho. Msindikizaji anaruhusiwa kueleza hoja za mfanyakazi, kufanya majumuisho na kunong'onezana naye, lakini haruhusiwi kumjibia maswali. Nchini Marekani, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1975, katika shauri la Weingarten, kwamba mfanyakazi wa mahali penye chama anaweza kudai mwakilishi awepo pale anapohojiwa na ana sababu ya kuamini kwamba mahojiano hayo yanaweza kumletea adhabu. Haki hiyo ina sharti dogo ambalo limewaumiza wengi, kwamba mfanyakazi mwenyewe ndiye anayepaswa kuomba, kwani mwajiri halazimiki kumkumbusha. Mhudumu aliyekaa macho usiku kucha, akiitwa ofisini saa moja asubuhi kwa "mazungumzo mafupi", ndiye hasa anayesahau kuomba.

Tofauti ya pili kati ya nchi hizo inagusa moja kwa moja uhuru wako wa kuchagua. Marekani, chama kilichochaguliwa na wafanyakazi walio wengi katika kundi husika ndicho pekee kinachojadiliana kwa niaba ya wote, wanachama na wasio wanachama, na sheria inakilazimu kuwawakilisha wote kwa haki. Anayeajiriwa mahali kama hapo hachagui chama gani. Anachagua tu kama atakuwa mwanachama mwenye kura ya kuwachagua viongozi na kupitisha au kukataa mkataba, au atabaki nje akiishi kwa mkataba uliopigiwa kura na wengine. Uingereza hali ni tofauti, kwa kuwa vyama kadhaa huwa na wanachama katika huduma ile ile ya ambulensi. Tarehe 21 Desemba 2022, wanachama wa vyama vitatu, UNISON, GMB na Unite, waligoma siku moja katika huduma za ambulensi za England na Wales. Hapo mhudumu anachagua kweli, na mara nyingi anachopaswa kukilinganisha ni matawi ya kituo chake kuliko majina ya vyama.

Chama kikubwa cha sekta nzima

Nguvu ya chama kikubwa cha afya au cha utumishi wa umma ni fedha, mawakili na kiti katika meza ya kitaifa. Mgogoro wa ambulensi wa Uingereza wa mwaka 1989 na 1990 ulichukua takriban miezi sita, askari wa jeshi na polisi wakaletwa kubeba wagonjwa, na ombi la kuwaunga mkono wahudumu likatiwa saini na watu zaidi ya milioni 4. Wahudumu wale walikuwa wachache mno kuweza kuhimili miezi sita peke yao. Nyuma yao vilisimama vyama vitano vyenye wanachama wa kazi nyingi nyingine, na vitatu kati ya hivyo viliungana mwaka 1993 kuwa UNISON. Kesi ya fidia ya mgongo ulioumia kwa kubeba machela kwenye ngazi inaweza kuchukua miaka, na chama chenye mfuko mnene hakiyumbi kwa gharama hizo. Hata hivyo, usidhani kwamba wakili anakuja na kadi ya uanachama: vyama vingi hugharimia kesi pale tu mwanasheria wao anapoona kuna uwezekano mzuri wa kushinda.

Udhaifu wake unaonekana ukiusoma mkataba wenyewe. Mkataba ulioandikwa kwa kufikiria wodi ya hospitali hudhani kwamba mfanyakazi ana chumba cha kupumzikia, kwamba zamu inaisha mtu mwingine anapofika, na kwamba chakula huliwa kwa saa inayojulikana. Mhudumu wa ambulensi hupokea wito dakika tano kabla ya zamu kuisha na kurudi kituoni saa mbili baadaye. Anakula ndani ya gari lililoegeshwa mahali pa kusubiria. Anasimama kwenye korido na mgonjwa juu ya machela kwa sababu idara ya dharura haina kitanda cha kumpokea, na muda wote huo mgonjwa ni wake. Mwajiri akisema mkataba hauna neno kuhusu saa hizo, chama ambacho wanachama wake tisa katika kila kumi hawajawahi kuzipitia hakitaona uzito wake upesi.

Kipimo changu hapa ni rahisi, nami nimekitumia mara nyingi kabla ya kumshauri mtu. Omba nakala ya mkataba unaotumika sasa, tafuta mambo matatu tu: malipo ya kupitiliza zamu kwa sababu ya wito wa mwisho, fidia ya mapumziko yaliyokatizwa, na nani anawajibika kwa mgonjwa mlangoni mwa hospitali. Mkataba ulioyataja yote matatu uliandikwa mezani palipokuwa na mtu wa ambulensi. Ukikosa hata moja, uliza tawi lina mjumbe wa ambulensi katika kamati ya majadiliano au halina, na kama halina, uliza ni lini uchaguzi ujao.

Chama cha ambulensi pekee

Faida ya chama hiki huonekana zaidi ndani ya chumba cha kikao. Dereva anayehojiwa kwa kugonga gari jingine kwenye makutano, taa ya barabarani ikiwa nyekundu na king'ora kikilia, anahitaji mtu wa kumuuliza maswali sahihi kabla ya mwajiri kumuuliza: ulipunguza mwendo hadi kiasi gani kabla ya kuingia makutano, uliomba idhini ya kuendesha kwa dharura au chumba cha simu ndicho kilichotoa daraja hilo la wito, na mwenzako aliyeketi kushoto alikuwa akitazama upande gani. Mwakilishi aliyetoka katika kazi nyingine hujifunza maneno haya papo hapo, mbele ya jopo, na hilo humgharimu mwanachama.

Upungufu wa kwanza ni kutambuliwa. Chama kidogo ambacho mwajiri hajakitambua kinaweza kukutetea vizuri pale sheria inaporuhusu, ilhali kiwango cha mshahara wako na mpangilio wa zamu zako vinaamuliwa katika chumba ambacho hakikaribishwi. Wapo wanaoliona hilo si tatizo, kwa kuwa mkataba uliopatikana na chama kingine unawahusu wao pia. Mimi naliona ni tatizo, kwa sababu siku mkataba huo utakapobadilishwa, wao ndio watakaokuwa hawana pa kusemea.

Upungufu wa pili hutazamwa mara chache. Baadhi ya vyama vya namna hii hupokea wahudumu wenye cheti cha juu pekee, na kuwaacha nje madereva, wasaidizi, wasafirishaji wa wagonjwa wasio wa dharura na wale wanaopokea simu. Kwa hiyo watu wawili wanaopanda gari moja, wanaobeba machela moja na kuitwa kwenye uchunguzi mmoja, wanajikuta wana vyama viwili, na kila mwakilishi ana sababu ya kuelekeza lawama upande wa pili. Sipendekezi chama kinachowagawa watu wa gari moja, hata kama mawakili wake ni hodari, maana uchunguzi mwingi wa ambulensi huanza kwa swali la nani kati ya wawili alifanya nini.

Ipo njia ya kati, ambayo naiona ndiyo bora inapopatikana: tawi la watu wa ambulensi lenye katiba na viongozi wake, lililo ndani ya chama kikubwa. Mfano unaojulikana ni wa jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako wahudumu wa ambulensi wana chama chao ambacho ni tawi namba 873 la CUPE, chama kikubwa cha watumishi wa umma. Kinazungumza kwa sauti ya kazi yake na nyuma yake kuna mfuko wa wengi. Mwaka 2009 tawi hilo liligoma kuanzia Aprili hadi Novemba, na kwa miezi hiyo yote wahudumu waliendelea kuitikia wito, kwa kuwa amri ya huduma za lazima iliwazuia kuacha magari. Mgomo ulimalizwa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo.

Unapokuwa chini ya zimamoto

Katika nchi kadhaa ambulensi huendeshwa na idara ya zimamoto, na Marekani ndiko jambo hili lilikoenea zaidi. Chama cha kimataifa cha wazima moto, IAFF, kilichoanzishwa mwaka 1918, kina wanachama wengi ambao sehemu kubwa ya kazi yao ya kila siku ni wagonjwa kuliko moto. Kuwa katika chama kimoja na wazima moto kunaleta nguvu ya kisiasa ambayo wahudumu peke yao hawana, hasa katika pensheni na fidia za magonjwa yatokanayo na kazi.

Lakini kuwa katika idara moja hakumaanishi kuwa katika chama kimoja. Jiji la New York liliiweka huduma yake ya ambulensi chini ya idara ya zimamoto mwaka 1996, na hadi leo wahudumu wa ambulensi wanawakilishwa na tawi namba 2507 la District Council 37, chama kikubwa cha watumishi wa jiji hilo, wakati wazima moto wana chama chao. Mshahara wa mhudumu wa ambulensi umebaki chini sana ya ule wa mzima moto wa idara hiyo hiyo, na hilo limekuwa lalamiko la miaka mingi. Kabla ya kujiunga na chama cha pamoja, hesabu kura: kama wahudumu ni robo ya wapiga kura wa tawi, uliza ni kipengele gani cha mkataba uliopita kilichoombwa na wao na kikakubaliwa.

Swali la mgomo

Wengi huchagua au kukataa chama kwa swali moja, kama kinagoma au hakigomi. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unaruhusu nchi kuweka masharti tofauti kwa wanajeshi na polisi peke yao katika haki ya kujiunga na vyama. Mhudumu wa ambulensi hayumo katika makundi hayo. Kugoma ndiko kunakoweza kuwekewa mipaka. Vyombo vya usimamizi vya shirika hilo vinakubali mgomo uzuiwe au ubanwe katika huduma ambazo kusimama kwake kunahatarisha uhai, usalama au afya ya watu, kwa sharti kwamba wafanyakazi wapewe fidia ya haki hiyo: upatanishi na usuluhishi usioegemea upande, wa haraka, ambao uamuzi wake unafungamanisha pande zote mbili. Vimesema pia kwamba vibarua na watunza bustani wa hospitali wasinyimwe haki hiyo kwa sababu tu wanafanya kazi mahali penye huduma muhimu.

Nchi zimefuata njia mbalimbali. Marekani, tangu mwaka 1974, chama katika taasisi za afya za sekta binafsi hutakiwa kutoa notisi ya siku 10 kabla ya kugoma. Jimbo la Ontario nchini Kanada lina sheria ya mwaka 2001 inayodai makubaliano kuhusu huduma za ambulensi zitakazoendelea wakati wa mgomo. Kwa anayechagua chama, swali la maana ni hili: pale ambapo mgomo umezuiwa au umebanwa, chama kimewahi kupeleka mgogoro kwa msuluhishi mara ngapi, na kilipata nini? Chama kinachojigamba kwa migomo mahali ambapo sheria haiiruhusu hakikuambii kitu. Kinachoapa kwamba hakitagoma kamwe nacho kieleze kina nini mkononi badala yake.

Jumuiya ya kitaaluma

Sina ugomvi na jumuiya za kitaaluma, nami ni mwanachama wa mojawapo. Zinasimamia mafunzo, zinaandika miongozo ya tiba, zinapigania mhudumu aruhusiwe kutoa dawa ambazo amesomea kuzitoa, na mara nyingi ada yake hubeba bima ya makosa ya kitabibu. Zinafaa zaidi mahali ambapo mhudumu husajiliwa na bodi, kama Uingereza, au Australia ambako usajili wa kitaifa ulianza tarehe 1 Desemba 2018. Katika nchi hizo kosa moja linaweza kuzaa mashauri mawili: la mwajiri, linalotishia ajira, na la bodi, linalotishia usajili wenyewe. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuwa na ujuzi wa la kwanza na kikakosa wakili wa la pili, kwa hiyo uliza kwa maandishi kama utetezi wake unafika mbele ya bodi.

Pamoja na hayo yote, jumuiya haijadiliani mshahara, na kwa kawaida haiketi nawe katika kikao cha mwajiri. Anayeweza kulipa ada mbili alipe zote mbili. Anayeweza kulipa moja aanze na chama cha wafanyakazi, na atafute bima mahali pengine kama mwajiri hajamwekea.

Ada, na namna ya kuilipa

Tofauti ya ada kati ya chama na chama ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, nami nisingeifanya kuwa kigezo cha kwanza. Kinachostahili kuangaliwa ni njia ya kulipia. Makato ya mshahara ni rahisi, lakini huduma za ambulensi hubadilisha mikono mara kwa mara: kampuni inapoteza zabuni, wafanyakazi wanahamishiwa kwa mwajiri mpya, na makato yanakatika bila mtu kujulishwa. Nimewahi kumfungulia mwenzangu hati zake za mshahara mezani na kukuta amekuwa si mwanachama kwa miezi saba, naye alikuwa na kikao keshokutwa. Kulipa moja kwa moja kutoka benki kunaepusha hilo, na vilevile kunamficha mwanachama mahali ambapo mwajiri hapendi vyama, ingawa Mkataba namba 98 wa mwaka 1949 unataka mfanyakazi alindwe dhidi ya kubaguliwa kwa sababu ya uanachama wake.

Anayejitolea bila mshahara mara nyingi hayumo katika ulinzi wa sheria za kazi, na kwake bima na jumuiya hutangulia.

Ukiwa bado huna uhakika baada ya kulinganisha yote haya, chukua namba za wawakilishi wa vyama viwili vilivyobaki kwenye orodha yako, na uwapigie ukiwa katika zamu ya usiku. Waulize jambo moja dogo la kweli, kwa mfano rekodi za mwendo wa gari katika kituo chenu huhifadhiwa siku ngapi, na ombi la kuzipata huandikwa kwa nani.